Napanga reli yangu ya kubuni Msagali–Kongwa–Hogoro kwenye chumba cha wageni, naomba mnikosoe kabla sijakata mbao

#1 tarumabovu
Wakuu habari za jioni. Nipo Kisasa hapa Dodoma, kazi yangu ya mchana haihusiani na reli hata kidogo ila toka mdogo nikisikia honi ya treni lazima nisimame, na sasa ni mwaka wa pili naangalia video za watu wanaojenga reli za modeli chumbani, kuna vichwa, mabehewa, stesheni, mpaka vibanda vya mama ntilie vidogo kama kucha. Nimeamua na mimi nijenge yangu.

Kwa wasiojua, wenzetu Marekani wana kitu wanaita shotilaini, ni kampuni ndogo ya reli yenye kipande kifupi tu, inachukua mzigo kwa wateja wachache wa huko ndani inaupeleka mpaka inapokutana na reli kubwa, inakabidhi, inarudi na mabehewa matupu. Nyingi zilizaliwa baada ya sheria yao ya mwaka 1980 kulegeza masharti, makampuni makubwa yakawa yanauza matawi yasiyolipa na wenye mitaji midogo wanayanunua, vichwa vyao chakavu, mwendo wa pole, wafanyakazi unawahesabu kwa vidole. Mimi nataka ya kwangu iwe ya kubuni lakini iwe hapa hapa Ugogoni.

Na bahati nzuri historia imenipa. Wakati wa ule mradi wa karanga wa Mwingereza, ulioanza 1947 ukafa Januari 1951, kulijengwa tawi la reli kutoka Msagali kwenye reli ya kati kupanda Kongwa mpaka Hogoro. Mradi ukafa, reli ikang'olewa miaka hiyo hiyo ya 50. Mimi nasema je kama isingeng'olewa? Hapo ndipo kampuni yangu inapozaliwa.

Mpango: chumba ni meta 3 kwa 2.4. Nataka niweke Dar bandarini, Morogoro, Kilosa, Gulwe, Msagali na tawi la Kongwa, Dodoma yenyewe, Bahi, Manyoni, Tabora, mwisho Kigoma na ziwa. Reli izunguke chumba mara nne kwa ngazi. Kitanda cha wageni kinabaki katikati. Nimechora, picha ntaweka nikirudi. Kosoeni.

#2 kaa_kimya
Nimekaa siti ya dirishani, mayai ya kuchemsha tayari. Uzi utembee.

#3 Fundi_Nkuhungu
Mkuu mimi ni seremala, mambo ya treni sijui ila meza nne juu kwa juu alafu kitanda katikati, mgeni akiamka usiku kwenda chooni atagonga kichwa Tabora.

#4 Msukuma_wa_Isaka
Hahaha #3 umeniua.
Tarumabovu nakupa hesabu moja tu. Skeli gani unatumia? Kama ni HO, 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, basi kilomita moja ya kweli inakuwa meta 11 na nusu. Dar mpaka Kigoma ni kama kilomita 1,250, gawa kwa 87 unapata kilomita 14 na ushee. Yaani utandike reli ndogo kutoka stesheni ya mjini mpaka Ihumwa huko. Najua kila mtu anabana umbali, ila kuna kubana na kuna kunyonga. Stesheni kumi kwenye chumba hicho treni yako kichwa kitakuwa Morogoro mkia uko Dar.

#5 tarumabovu
Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Sawa Kigoma naachia, ila Dodoma siwezi kuacha mkuu, mimi ni wa hapa.

#6 Injinia_Mtaani
Mimi nina reli ya modeli, ndogo, ya Kijapani, nipo nayo mwaka wa tano, kwahiyo naomba niongee kwa kirefu kidogo na msinikatishe.

Kosa lako halipo kwenye ukubwa wa chumba. Lipo kwenye swali uliloanza nalo. Umejiuliza "niweke stesheni zipi", ungeanza na "mzigo gani unatoka wapi unaenda wapi na nani anaungoja". Reli haijengwi kwa sababu mtu anapenda reli, inajengwa kwa sababu kuna gunia mahali fulani haliwezi kutembea. Ukishajua gunia liko wapi, pointi (pale njia inapogawanyika) na saidingi (njia za pembeni za kuweka mabehewa) zinajiweka zenyewe, hutakaa unajiuliza hapa niweke nini.

Wakongwe wa hii hobi waliojenga reli za kubuni walifanya hivyo. Allen McClelland kule Ohio alibuni Virginian & Ohio, kampuni haijawahi kuwepo duniani, lakini alijua makaa yanatoka mgodi upi na yanaishia wapi nje ya ile meza yake, na watu walikuwa wanaiongelea kama reli ya kweli. John Allen wa Monterey alikuwa na yake ya milimani, uzuri wake watu wanausimulia mpaka leo ingawa aliaga Januari 1973 na siku chache baadae moto ukaiunguza karibu yote. Hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kuorodhesha stesheni.

Kwahiyo futa mchoro. Chukua daftari andika wateja wa Kongwa. Sio zaidi ya sita.

#7 binti_wa_Mbande
Wateja wa Kongwa niulizeni mimi nimekulia pale. Mahindi ndio mwenyewe, soko la Kibaigwa msimu ukikolea malori yanajipanga mpaka unakosa pa kuvukia. Ng'ombe wa ranchi. Alizeti, mtama, uwele, na karanga bado watu wanalima wadogo wadogo, karanga hazikukataa ardhi ya Kongwa, zilikataa wale jamaa wa matrekta. Bibi yangu alikuwa anasema walikuja na vifaru vya vita wamevigeuza kuwa matrekta, udongo ukikauka unakuwa kama sakafu ya simenti majembe yanapinda, na mvua ikagoma kama kawaida yake. Mpango wao ulikuwa ekari zaidi ya milioni 3. Tatu! Mgogo analima ekari zake mbili anaangalia mbingu kwanza.

Na mzigo wa kupanda: dizeli, simenti, mabati, mbolea, chumvi, soda na bia. Bia usisahau.

#8 tarumabovu
Dada umenipa hazina. Naandika.

Sasa swali la enzi. Nimefikiria mwaka 1978. Jumuiya imevunjika 1977, TRC, shirika letu la reli, ndio kwanza limezaliwa, mabehewa mengine yana rangi na herufi za EAR, ile reli ya Afrika Mashariki, bado, na serikali imeshaamua toka 1973 kuhamia Dodoma kwahiyo simenti na nondo zinapita kila siku. Kampuni yangu ya Kongwa ina kichwa kimoja cha mvuke kilichochoka na kimoja cha dizeli cha mkono wa pili.

#9 totoz_la_SGR
Kwanini usipige SGR tu? Umeme, kilomita 160 kwa saa, Dar Dodoma toka 2024 watu wanakula upepo. Mambo ya mwaka 78 na moshi wa nini.

#10 Injinia_Mtaani
SGR ni nzuri na ni rahisi upande mmoja, geji yake (upana kati ya reli mbili) ya milimita 1,435 kwa 1:87 ndio ile ile 16.5 ya HO, vifaa vimejaa duniani. Ila behewa la abiria la meta 25 kwa skeli hiyo ni sentimita 29, panga nane uone, meta 2 na zaidi kwenye chumba cha meta 3. Treni itakuwa imefika kabla haijaondoka. Alafu SGR yenyewe haisimami Msagali kuchukua behewa la ng'ombe. Anachotaka huyu ni kushanti, kupanga na kupangua mabehewa, na huko ndiko kwenye raha.

#11 Msukuma_wa_Isaka
Hapo kwenye geji ndipo kwenye kesi. Reli ya kati ni meta moja kamili. 1,000 gawa kwa 87 ni 11.5, kwahiyo reli ya milimita 12 inakaa vizuri, Waswisi wanaitumia kwa treni zao za milimani wanaiita HOm. Na reli ya milimita 12 ndio hiyo hiyo ya TT, ambayo Hornby walianza kuuza ya 1:120 mwaka 2022, kwahiyo chesisi zenye magurudumu ya 12 siku hizi zinapatikana. Unachukua chesisi ya TT, bodi unaprinti kwa 3D kwa 1:87, umemaliza.

Njia ya pili ni rahisi zaidi kwa mfuko, chukua reli ya milimita 9 ya skeli N, jenga kila kitu kwa 1:110. Vichwa vya mtumba vya Kijapani bei inavumilika. Shida vitu vinakuwa vidogo na vumbi la Dodoma halina adabu.

#12 tarumabovu
Mimi macho yangu yameshaanza kudai miwani, 12 basi. HOm.

#13 Mzee_wa_Gulwe
Vijana hamjambo. Mjukuu wangu ndiye amenionyesha hii habari na yeye ndiye anayechapa, mimi nasema. Nilifanya kazi reli tangu kijana mpaka nikastaafu, nimekaa Gulwe, nimekaa Kilosa, nimekaa Saranda.

Nimeona mchoro wa kijana. Msagali yako ni jengo na jukwaa. Hiyo sio stesheni hiyo ni picha ya stesheni. Stesheni kwenye reli ya njia moja ni lupu. Treni mbili zinakuja uso kwa uso, moja lazima iingie pembeni ingoje, na lupu isipotosha urefu wa treni basi umejenga ugomvi. Alafu kwa sababu wewe unaita ni njiapanda unahitaji saidingi ya makabidhiano, pale reli kuu inaacha mabehewa yako na kuchukua yaliyoshuka. Kisha njia ya kuzungushia kichwa, maana kichwa kikifika kinavuta, kikitaka kurudi lazima kitoke mbele kipite pembeni kije upande wa pili. Hiyo umeisahau kabisa. Kichwa chako kikifika Hogoro kitabaki kule mpaka kife.

Na jambo la mwisho, kubwa kuliko yote. Tawi linashuka kutoka Kongwa kuja Msagali. Behewa likiponyoka breki huko juu litakuja lenyewe, halipigi honi. Kabla tawi halijaungana na reli kuu weka pointi ya kuangushia, iwe imefunguliwa muda wote isipokuwa treni ina ruhusa. Behewa likitoroka lianguke mchangani kuliko liingie reli kuu. Watu wa Dodoma hamhitaji kufundishwa hili. Tarehe 24 Juni 2002 pale Igandu treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima ikaikuta ya mizigo, watu zaidi ya 280 hawakurudi makwao. Hata kwenye meza ya kuchezea usiache kuiweka.

#14 tarumabovu
Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Nitaiweka, na nitaipaka nyeupe mkono wake uonekane.

#15 Mzee_wa_Gulwe
Marahaba mwanangu. Na usipeleke treni bila karatasi ya laini klia. Stesheni masta wa Msagali lazima akubaliwe kwanza na wa mbele. Hata kama wa mbele ni mkeo amekaa kitandani.

#16 kaa_kimya
Huyu mzee asiondoke humu ndani jamani, mjukuu usichoke kuchapa.

#17 Injinia_Mtaani
Mzee ameshakupa nusu ya mchoro bure. Sasa nusu ya pili. Chumba chako usizungushe reli, achana na duara kabisa. Shelfu ya upana wa sentimita 40 yenye umbo la L, ukuta mmoja meta 3, wa pili meta 2.2, urefu kutoka chini meta 1.3 hivi, kitanda kinaingia chini yake na mgeni analala kwa amani. Ukuta mrefu ni Msagali kushoto na kipande cha porini, kona ni mlima na mibuyu, ukuta mfupi ni Kongwa. Hogoro iwe nje ya picha, reli inapita tundu la ukuta wa nyuma inaingia kwenye kaseti, yaani ubao mfupi wenye reli unaoutoa kwa mkono na kuweka mwingine. Upande wa Msagali hivyo hivyo, reli kuu inatoka tundu hili inaingia tundu lile, Dar na Kigoma zote zipo ndani ya kaseti. Umeona sasa, Kigoma imerudi na haijakula hata sentimita.

Pale Kongwa tumia mpango wa Mwingereza mmoja Alan Wright, watu wanauita Inglenook. Saidingi tatu, moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu matatu, na njia ya kuvutia inaingia kichwa na mabehewa matatu basi. Unakuwa na mabehewa manane, unachagua matano kwa bahati nasibu na lazima uyapange kwa mfuatano uliotoka. Inaonekana mchezo wa chekechea. Kaa nayo. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Behewa lako la meta 12 ni sentimita 14, ukijumlisha hook za kuunganishia weka 15, kwahiyo saidingi ya matano ni sentimita 75, ya matatu 45, njia ya kuvutia 65, jumlisha pointi mbili, Kongwa nzima inakaa kwenye meta 1.8. Umebakiwa na nafasi ya ghala na mnada.

#18 tarumabovu
Dodoma ndio imekufa kwahiyo?

#19 Injinia_Mtaani
Dodoma ipo ndani ya kaseti mkuu. Usilie.

#20 tarumabovu
Nimelia kidogo. Nakubali.

#21 Fundi_Nkuhungu
Sasa tumefika kwangu. Usitumie MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa. Hapa kwetu sio unyevu unaoimaliza, ni mchwa. Piga plaiwudi ya milimita 12 juu ya fremu ya mbao 2x2 iliyopakwa dawa, na kama utaweka miguu badala ya breketi za ukutani basi kila mguu uingie kwenye kopo lenye oili chafu, bibi zetu walikuwa wanafanya hivyo kwenye kabati la vyakula dhidi ya sisimizi. Nilishamtengenezea mtu shelfu ya vitabu Chang'ombe hakunisikia, miezi saba anakuja ananiambia vitabu vina njia za udongo ndani.

Breketi za chuma kila sentimita 60 usizidishe. Mbao ikilegea reli yako inakuwa wimbi.

#22 binti_wa_Mbande
Na mandhari? Naomba mibuyu iwe mibuyu sio miti ya Ulaya imekosewa.

#23 tarumabovu
Mbuyu wa meta 15 kwa skeli yetu unakuwa sentimita 17, nimeanza mmoja wa waya wa umeme niliosokota nikavika jipsamu, shina linene kama tumbo la mwenyekiti. Majani hakuna kwa sababu nimeamua ni Septemba, kila kitu kimekauka. Nyasi natumia katani, naichambua naikata milimita 5 naisimamisha kwa gundi. Rangi yake ndio nyasi za Kongwa za Septemba kabisa, hata kupaka hutakiwi.

#24 Injinia_Mtaani
Udongo chota huo huo mwekundu, chekecha kwa soksi ya kike, kaanga kwenye karai uue wadudu, alafu pitisha sumaku mara tatu. Usiruke sumaku! Udongo wetu una chembe za chuma, zikiingia kwenye mota ya kichwa unaagana nacho. Ukimaliza gundi nyeupe ya mbao changanya na maji, tone la sabuni ya vyombo, dondoshea kwa sirinji.

Vumbi la kwenye reli futa kwa pamba na spiriti. Msasa usiguse, unachora mikwaruzo na uchafu unapata pa kukaa. Na uweke pazia mbele ya shelfu. Upepo wa Julai mnaujua.

#25 totoz_la_SGR
Umeme ukikatika?

#26 tarumabovu
Hapo nimewazidi kete. Treni nyingi za modeli zinatumia DC volti 12, betri yangu ya sola ni volti 12. Nanunua kidhibiti cha mota cha kuzungusha kwa kidole, basi. TRC yangu haitegemei gridi.

#27 Msukuma_wa_Isaka
Weka fyuzi ya ampia 2 hapo katikati mkuu, usibishe. Betri ya sola haina huruma, kichwa kikiacha njia kikagusanisha reli mbili betri inamwaga umeme wote hapo hapo, utayeyusha magurudumu na nyumba ya watu.

#28 binti_wa_Mbande
Mimi nina wazo la uendeshaji. Kila behewa liwe na kadi, imeandikwa aina na mzigo na linakwenda wapi. Alafu pakiti nyingine ya kadi za matukio, kabla ya treni unachomoa moja. "Msimu wa mahindi, mabehewa ya kufunika yaongezeke mawili." "Ng'ombe wamepakiwa, lazima wafike Msagali kabla ya kitu kingine chochote, hawana maji." "Tenka la dizeli lisiwekwe karibu na ghala." Na hii ndio naipenda, "Mafuriko Kilosa, reli kuu imefungwa, mzigo wote unakwama Msagali."

#29 Mzee_wa_Gulwe
Hiyo ya mafuriko iandikwe kwenye kadi tano, moja haitoshi. Mito ya Mkondoa na Kinyasungwe nimeijua kwa miguu. Kipande cha Kilosa mpaka Gulwe mvua ikinyesha huku kwetu juu, sisi tunafurahia mtama, kule chini tuta linaondoka na mataruma yananing'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Mabehewa yatajaa Msagali mpaka ukose pa kushanti. Hapo ndipo utajua kama saidingi yako ya makabidhiano uliipima au uliibahatisha.

#30 tarumabovu
Mzee naomba nikuulize, kichwa cha mvuke kwa tawi jepesi kama hili ungenipa kipi?

#31 Mzee_wa_Gulwe
Sio Garatti, lile jitu la mvuke ni la reli nzito na kwenye lupu zako halitoshi. Chukua zile za 2-8-4 (magurudumu mawili mbele, manane ya kusukuma, manne nyuma) za daraja la 30, tenda kubwa ya maji kwa sababu nchi yetu ni kavu. Kuna moja bado ipo makumbusho ya reli Nairobi, namba 3020, jina lake limeandikwa ubavuni: Nyaturu. Kabila la jirani zetu wa Singida. Rangi ni damu ya mzee.

#32 binti_wa_Mbande
Sasa na Mgogo wake yuko wapi? Kampuni ya kubuni si unaweza kubuni na kichwa. Kiandikeni Mgogo.

#33 tarumabovu
Imepita bila kupingwa. Kichwa namba 1, MGOGO, damu ya mzee. Cha dizeli hakina jina, hakijastahili bado.

#34 Msukuma_wa_Isaka
Na jina la kampuni?

#35 tarumabovu
Reli ya Kongwa na Hogoro. RKH. Mama watoto anasema ni Reli ya Kula Hela.

#36 kaa_kimya
😂😂 shemeji apewe ukurugenzi.

#37 tarumabovu
MREJESHO. Samahanini kwa kimya, ni wiki ya sita hii. Fundi_Nkuhungu alikuja kweli, tukapiga shelfu ya Kongwa na kona ya mlima kwanza, ya Msagali bado. Reli nimetandika ya Kongwa yote, pointi mbili, natumia nyaya za spoku za baiskeli kuzisukuma kwa mkono kutoka mbele, hakuna mota. Mbuyu mmoja umesimama, wa pili ulipasuka ukikauka, nimemwachia mtoto. Mabehewa nane yapo ila matatu tu ndio yana bodi, mengine ni chesisi na kipande cha boksi la viatu kimeandikwa "ng'ombe". MGOGO bado anaprintiwa Dar, nashanti na kile cha dizeli.

Nimejaribu Inglenook mara ya kwanza juzi usiku nikasema dakika kumi nalala. Nimelala saa saba. Injinia ulisema inaonekana ya chekechea, nilikudharau, naomba radhi.

Kuna kitu nimekosea, mteremko. Nimeinua kona kwa sentimita 6 kwenye meta 2, ni asilimia 3, dizeli na mabehewa manne inapanda mpaka katikati inaanza kuteleza magurudumu.

#38 Injinia_Mtaani
Shusha iwe sentimita 4, asilimia 2. Au acha hivyo hivyo, treni ivunjwe mara mbili, ipande na nusu, irudi kuchukua nusu. Reli nyingi za kweli zinafanya hivyo kwenye mlima mkali.

#39 Mzee_wa_Gulwe
Acha hivyo hivyo. Ukishusha mlima utakosa kazi ya kufanya. Ila ukiacha nusu ya treni mlimani funga breki za mkono na weka jiwe.

#40 tarumabovu
Naacha. Jiwe nimeshapata, ni punje ya mtama.

Kingine, jana shangazi amekuja kutoka Mpwapwa kwa ajili ya kliniki, ndio mgeni wa kwanza kulala chini ya Kongwa. Nilikuwa na wasiwasi atasema nimekosa kazi. Asubuhi nimemkuta amevaa miwani amesogeza pazia anaangalia, hata salamu hakunijibu vizuri, akaniuliza: "Hii stesheni mbona haina watu? Treni imefika, karanga anauza nani?"

#41 binti_wa_Mbande
Shangazi ameona kabla yetu wote. Weka wamama wanne na masinia kichwani, mmoja awe anakimbia dirisha la mwisho kudai chenji.

#42 tarumabovu
Njiti za meno nimeshanunua. Swali kwa mzee, mwaka 78 karanga zilikuwa zinapimwa kwa nini, kikombe au kopo?

#43 Mzee_wa_Gulwe
Kopo la maziwa. Na lilikuwa limebonyezwa kitako.